Mwenyekiti wa Maji na Gambuti Zake

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi. Mawingu yamelala juu ya Kileleshwa tangu wiki jana na hayana mpango wa kuondoka. Soksi hazikauki. Chai imepoa kabla sijamaliza kuandika tarehe.

Habari kubwa: nimepanda cheo. Mwenyekiti wa Mambo ya Maji, ofisi nzima ya bima, ghorofa ya nne. Sikuomba. Madam Waceke, mkubwa wetu, alituita asubuhi akatangaza kwamba safari ya ofisi mwaka huu si nyama choma. Ni mitumbwi na kayaki, kwenye bwawa la mtu binafsi kule Kitisuru, Jumamosi. Mwezi wa Julai! Akauliza nani kati yetu anajua maji. Wote wakanigeukia mimi. Wote! Ati kwa sababu natoka magharibi. Kwa watu wa hapa, ukishapita Nakuru kila mtu ni mvuvi.

Natoka Vihiga. Kwetu ni vilima na mawe. Mto wetu kuku anauvuka na magoti yake makavu. Sijui kuogelea. Hata beseni likijaa sana napata wasiwasi.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikatae. Ndipo nikaona Namalwa wa uhasibu ananitazama. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema nilizaliwa ndani ya mtumbwi. Mwaura wa idara ya madai akapiga makofi na kuniita Kapteni. Simpendi Mwaura. Anatoka Waithaka, kwao kuna shamba, na akicheka anaonyesha meno mengi kuliko inavyohitajika. Madam Waceke akamfanya makamu wangu. Sasa nina makamu. Sasa nina adui rasmi.

Lakini yote hayo si kitu. Wakati wa chai Namalwa aliniambia ameombwa ahamie ofisi ya Bungoma, na anatakiwa kujibu wiki ijayo. Akasema tangu mumewe afariki, Nairobi imekuwa na baridi ndefu. Akasema pia akipata sababu ya kubaki, atabaki. Alisema hivyo akiniangalia mimi! Mimi, mwenye sweta iliyotoboka kiwiko!

Nampenda Namalwa. Basi, nimeandika. Lazima niwe hiyo sababu. Na mtu hawezi kuwa sababu ya kubaki Nairobi akiwa Joash wa sweta. Lazima awe mwanaume wa maji.


Jumanne, 15 Julai

Mvua ya manyunyu. Mwaura amekuja na mfuko wa maparachichi kutoka kwao. Amempa Namalwa. Ati amewapa wote. Kweli hata mimi nimepewa, lakini langu lilikuwa na doa. Nimeelewa ujumbe.

Saa tano alinipigia simu Munyiva, mwalimu wa mitumbwi kule bwawani. Mwanamke wa sauti kali. Akasema jambo la kwanza ni viatu, kwa sababu wageni wengi huumia miguu kabla hawajagusa kasia. Alikuwa anaanza kueleza ni viatu gani nikamkatiza. Namalwa alikuwa anapita na faili, ningefanyaje? Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mambo ya viatu vya mtumbwini nimeyajua tangu sijaota meno, asijisumbue. Munyiva akaguna. Akasema sawa, ananiachia mimi. Akakata.

Halafu nikabaki na simu mkononi, sijui chochote.

Nikafikiria. Maji ni nini? Ni tope lililozidi. Tope mtu huvaa nini? Gambuti, buti ndefu za mpira. Nikaandika kwenye grupu la ofisi: kila mtu aje na gambuti, kwa amri ya mwenyekiti. Makamu wangu hakukaa hata dakika. Akauliza mbele ya watu wote kama gambuti haziwezi kujaa maji. Nikamjibu kwamba sisi watu wa ziwa tumezivaa tangu enzi za mababu. Watu wakaweka vidole gumba. Ushindi!

Jioni, watu wakishaenda, Namalwa akaja mezani kwangu polepole. Yeye amelelewa Budalang'i, kando ya mto Nzoia, na mafuriko yakija walikuwa wanakwenda shule kwa mtumbwi. Mtumbwi wa kweli! Sikujua. Akavuta kiti, akaongea kwa sauti ya chini ili aliyekuwa akipiga deki asisikie. Akasema gambuti ikijaa maji haitoki mguuni, inakuwa jiwe, na inaweza kunasa chini ya kiti mtumbwi ukipinduka. Akasema kizuri ni kiatu chepesi kilichofunika vidole, kilichoshika kisigino, chenye soli ya kutoteleza na matundu ya kutolea maji. Raba kuukuu zinatosha. Au sandak.

Sandak! Vile viatu vya plastiki! Nilivivaa mpaka darasa la saba, na kila jua likiwaka vilinipika miguu. Nimekuja Nairobi ili nisivivae tena. Nikacheka. Nikamwambia yote nilikuwa nayajua, nilikuwa nawapima tu wenzetu. Namalwa alicheka pia, lakini nusu. Kisha akasema mtu akikosea na akasema amekosea, hakuna anayemla. Sijui alikuwa anamsema nani.


Jumatano, 16 Julai

Usingizi haukuja. Nimewaza hivi: nikibadilisha amri sasa, Mwaura ameshinda. Grupu lote litajua alikuwa sawa. Haiwezekani, ng'o!

Kwa hiyo nimetoa tangazo jipya, la hekima. Wanaoanza wavae raba au sandak. Gambuti ni za wazoefu pekee. Kwa maana hiyo ni mimi peke yangu. Saa ya chakula nikashuka mjini, karibu na River Road, nikanunua jozi nyeusi inayofika magotini. Muuzaji aliniuliza kama naenda kuchimba choo. Nikamwambia naenda kupiga kasia. Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuilipia.


Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya, lakini yenye mwanga mdogo wa ujanja.

Madam Waceke amegawa watu wawili wawili. Mtumbwi wa kwanza: mimi na Namalwa. Roho yangu ilipanda ikagonga dari. Kisha akaongeza kwamba baada ya mzunguko mmoja tubadilishane, Namalwa aende na Mwaura. Roho ikashuka mpaka chini kwa mlinzi.

Mchana Mwaura akaja mwenyewe kwenye meza yangu. Mnyenyekevu kabisa. Akasema Kapteni, mimi nimekulia Waithaka, maji yangu yote ni ya tangi, tangazo nimelisoma, ila naomba unishauri kwa siri nivae nini hasa nisiaibike. Aliniuliza kwa moyo mweupe. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Nikamwambia patipati, kandambili hizi za bafuni. Nikasema makapteni wote wakubwa huvaa patipati, mguu upumue, ila asimwambie mtu. Hesabu yangu ilikuwa ndogo tu: Munyiva amwone na patipati, amkatalie, abaki ufuoni anashika makoti ya watu. Mzunguko wa pili usiwepo. Basi. Sikumtakia mabaya.

Mwaura alinishukuru akanishika bega. Bega bado linaniwasha.


Ijumaa, 18 Julai

Nimejaribu gambuti nyumbani. Nimekaa sakafuni, nimeshika fagio, nimepiga kasia sebuleni dakika kadhaa. Nimeanguka mara moja tu. Jirani wa chini amegonga dari yake.

Nimeangalia video za kuogelea kwenye simu. Nimeelewa nadharia. Unalala, unapiga miguu, hupumui wakati usiofaa. Haionekani kuwa jambo la kumshinda mtu mwenye diploma.


Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili. Nitaandika yalivyokuwa.

Tulifika Kitisuru ukungu haujainuka. Bwawa jeusi, limezungukwa na miti mirefu ya watu wenye pesa. Nilipoliona tu nikarudi nyuma hatua mbili. Namalwa alikuwa amevaa sandak za buluu. Hakuna aliyemcheka. Alinivuta pembeni akanipa mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na raba nyeupe, kuukuu, zimefuliwa mpaka zinang'aa. Za marehemu mumewe. Alikuwa ameniangalia miguu akakisia namba yangu, na kamba alikuwa amezikata fupi ili zisije zikanaswa na kitu mtumbwini. Akasema amezitunza tu kabatini, hazimsaidii mtu, na angefurahi nikizivaa.

Nilitaka kuzivaa. Haki ya Mungu nilitaka. Lakini Mwaura alikuwa amesimama pale pale, anatazama, na meno yake. Nikafikiria atakavyosema: Kapteni anavalishwa viatu! Nikamrudishia Namalwa mfuko. Nikamwambia mwanamaji havai raba za kuazima. Akaupokea. Akaukunja mdomo wa mfuko taratibu, mara mbili, akaubana kwapani.

Munyiva akapiga filimbi akaanza kukagua miguu ya watu. Akamfikia Mwaura. Patipati! Akamkemea mbele ya wote, kwamba chini ya maji kuna mawe na chupa, kwamba patipati itabaki kwenye tope na mguu utabaki mtupu. Akamwambia akae ufuoni. Mwaura akakubali, akainamisha kichwa kama mtoto wa shule. Mpango umekamilika! Na Munyiva akiwa bado anamfokea, nikamwambia Namalwa twende upesi, tukasukuma mtumbwi kabla gambuti zangu hazijakaguliwa. Namalwa alisema tungoje. Nikasema kapteni hangoji.

Hatukufika mbali. Watu walikuwa wanapiga picha. Nikaona nisimame niwapungie mkono. Namalwa akapaza sauti nikae. Nikawa nimeshasimama.

Maji ya Julai si maji, ni kisu. Gambuti zilijaa papo hapo. Jaketi la kuelea lilinivuta juu, miguu ikanivuta chini, na mguu wa kushoto ukanasa chini ya kiti cha mtumbwi uliopinduka. Kichwa kikazama. Nikanywa. Nikasikia kelele kwa mbali sana. Sikuwaza Namalwa, sikuwaza mtu. Niliogopa tu. Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Aliyenitoa ni Mwaura. Alitoka ufuoni mbio, akaingia na nguo zake zote, na patipati zikabaki kwenye tope hatua ya kwanza kama Munyiva alivyosema. Alikuja bila kiatu. Namalwa alikuwa ameshashika kichwa changu nje ya maji, Mwaura akapiga mbizi akaninasua mguu, gambuti ikabaki chini. Kisha wote wawili wakasimama. Maji yaliwafika kiunoni. Kiunoni!

Mwaura alipotoka niliona damu. Alikuwa amekanyaga chupa. Mguu umepasuka kuanzia kidole mpaka katikati ya wayo. Namalwa akavua kitambaa chake cha kichwa akamfunga. Mfuko ulikuwa umeachwa ufuoni, akaufungua, akatoa ile raba ya kulia, akamvalisha Mwaura mguu usio na jeraha ili aweze kuruka kwa mguu mmoja mpaka garini.

Munyiva akauliza kwa hasira nani alimwambia mtu huyu aje kwenye maji na patipati. Nikaangalia miti. Nikamsikia Mwaura akisema hakuna mtu, ni ujinga wake mwenyewe.

Alinitazama akisema hivyo. Hakuwa na hasira. Adui gani huyu?

Walimpeleka kliniki. Namalwa akaenda naye. Mimi nikabaki na gambuti moja.


Jumapili, 20 Julai

Mafua. Sikwenda kanisani. Nimemwandikia Namalwa kwamba huenda nina nimonia, naomba aje aniombee. Amejibu: pole, kunywa kitu moto, Mwaura ameshonwa.

Nimekaa na hilo neno siku nzima. Ameshonwa. Nimechukua simu nimpigie Mwaura nimwambie samahani. Namba ikaanza kuita, nikakata. Akapiga yeye! Akaniuliza kama mimi ni mzima, kama nimepata joto. Nikasema nilibonyeza kwa bahati mbaya.


Jumanne, 22 Julai

Ofisini. Mwaura amekuja akichechemea, mguu umefungwa bendeji kubwa. Wamemwekea kiti cha pili cha kuinua mguu. Leo wenzetu ndio wamemletea yeye matunda.

Ilibidi nijitetee kabla habari hazijakaa. Nikaeleza kwenye chai kwamba tulipigwa na wimbi. Nikasema mabwawa ya Kitisuru yana mkondo wa chini kwa chini, wazoefu tu ndio huuhisi. Watu wakanisikiliza vizuri, kwa heshima kabisa. Kisha mtu akatuma video kwenye grupu. Maji yametulia kama supu iliyopoa. Mimi nimesimama, nimeinua mkono, natabasamu. Halafu sipo.

Namalwa alikuwepo nikieleza habari za wimbi. Alikuwa anakoroga chai yake, na sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

Madam Waceke amemfanya Mwaura mwenyekiti. Mwaura amekataa. Anasema kamati iliyopo inafanya kazi nzuri. Nimekwenda chooni nikasimama humo mpaka mtu akagonga mlango.


Alhamisi, 24 Julai

Leo ilikuwa siku yenyewe. Namalwa alitakiwa kujibu kuhusu Bungoma kabla ofisi haijafungwa.

Saa tisa akaja mezani kwangu. Akavuta kile kiti. Sauti ile ile ya chini. Akasema bado hajajibu. Akasema Jumatatu ile ya kwanza alikuwa na sababu moja ya kubaki, na bado haijafa yote, kidogo imebaki. Hataki maelezo marefu, hataki samahani za maua. Anataka nimwambie kitu kimoja tu cha kweli. Chochote, hata kiwe kidogo.

Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Alikuwa ananingoja.

Na vitu vya kweli nilikuwa navyo, tena vingi! Vilipanga foleni mdomoni. Kwamba sijui kuogelea. Kwamba Vihiga hakuna ziwa. Kwamba patipati nilimwambia mimi. Kwamba nilizitamani zile raba na kamba zake fupi kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Kwamba nampenda. Nikashusha pumzi. Nikapiga moyo konde. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia nilikuwa bingwa wa kuogelea wa wilaya nikiwa shule ya msingi.

Sijui ilitoka wapi. Iliteleza tu. Na ilipotoka ikatoka na nguvu, ikaleta na mambo mengine: kwamba nilipewa medali na mkuu wa wilaya mwenyewe, kwamba ni gambuti tu zilizonivuta, bila hizo ningemwokoa Mwaura.

Namalwa akatabasamu, tabasamu la mtu anayefunga duka. Akasema asante Joash, umenisaidia kuamua. Akaenda moja kwa moja kwa Madam Waceke. Alipotoka wanawake wa uhasibu walikuwa wanamkumbatia. Anaondoka mwisho wa mwezi. Mwaura amejitolea kumsaidia kupakia vitu, mguu wake vile vile.

Nimetembea mpaka nyumbani. Mvua haikuacha. Nimekaa kitandani na koti langu. Imeniuma, siwezi kusema haijaniuma.

Lakini nimefikiria vizuri, na naona tatizo liko wapi. Hakuniamini kwa sababu hakuna ushahidi. Mtu anasema medali, medali haionekani, nani angeamini? Mjini kuna maduka ya vikombe na medali, wanachonga jina ukingoja. Kesho saa ya chakula nitashuka. Bungoma si mbali, mzigo unafika siku moja. Akiishika mkononi, akaona jina langu, atarudi mwenyewe.

Iwe ya dhahabu. Hapana, fedha. Dhahabu ataona najisifu.